Jina la Chupa na Jina la Dawa

Ndugu mfugaji wa Izimbya,

Ukimtuma mtoto dukani akalete Berenil, huenda akarudi na pakiti ya unga wa njano yenye jina jingine kabisa. Usimgombeze. Berenil ni jina ambalo kampuni ya Hoechst ya Ujerumani iliipa dawa yake ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Dawa iliyomo inaitwa diminazini, na siku hizi viwanda vingi vinaitengeneza, kila kimoja kwa jina lake.

Kiwanda kinachogundua dawa hupewa miaka kadhaa ya kuitengeneza peke yake, ili kirudishe gharama za utafiti. Muda huo ukiisha, wengine huruhusiwa. Wao hawakugharamia utafiti, ndiyo maana huweza kuuza kwa bei ya chini. Butalex ya ndigana kali ina buparvakwoni. Ivomec ya minyoo ina ivamektini. Zote mbili sasa zina wenzao wa bei nafuu.

Kwa hiyo ukifika dukani, acha kwanza yale maandishi makubwa ya rangi. Tafuta maandishi madogo chini yake: jina la dawa iliyomo, na kiasi chake katika kila mililita. Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa sababu tunalinganisha bei ya chupa badala ya bei ya kumtibu ng'ombe mmoja.

Tufanye hesabu. Una ng'ombe wa kilo 250 mwenye ndigana baridi. Tuseme chupa ya mililita 100 ya oksitetrasaiklini ya asilimia 10 ni shilingi 5,000, na ya asilimia 20, ile inayokaa mwilini muda mrefu, ni shilingi 8,000. Zote mbili kwa kawaida huchomwa mililita 1 kwa kila kilo 10, yaani mililita 25. Lakini ile ya asilimia 10 huchomwa kila siku. Kwa siku 3 utatumia mililita 75, sawa na shilingi 3,750. Ile ya asilimia 20 mara nyingi huchomwa mara moja, shilingi 2,000. Chupa uliyoiona ghali ndiyo iliyokuwa rahisi. (Mililita 25 zisichomwe sehemu moja, zigawe.)

Sasa jambo linaloua ng'ombe. Mfugaji anaona tezi zimevimba chini ya sikio, ng'ombe ana homa kali na anahema kwa shida. Anauliza bei ya dawa ya ndigana kali, anashtuka, anaondoka na oksitetrasaiklini kwa kuwa ni rahisi. Hiyo si dawa ileile kwa bei nafuu. Ni dawa nyingine, na haiponyi ndigana kali iliyokwisha kupamba moto. Nafuu unayoitafuta ni buparvakwoni ya kiwanda kingine. Ng'ombe huyo wa kilo 250 anahitaji mililita 12 na nusu, yaani mililita 1 kwa kilo 20, na mtaalamu anaweza kurudia baada ya siku 2 au 3. Kuigawa dozi hiyo kwa ng'ombe wawili ni kuwapoteza wote wawili, hasa wakiwa chotara. Uzito nao usikisie kwa macho. Utepe wa kupimia kifua unatosha.

Je, dawa ya bei nafuu inaaminika? Nyingi, ndiyo. Lakini uchunguzi katika nchi kadhaa za Afrika umewahi kukuta diminazini yenye dawa pungufu kuliko ilivyoandikwa. Kwa hiyo nunua kwenye duka lililosajiliwa, na umwulize muuzaji kama dawa hiyo imesajiliwa na TMDA. Angalia tarehe ya kuisha muda, kifuniko, na mahali ilipokuwa imewekwa. Chupa iliyoanikwa juani gulioni iache hapohapo, hata ikiwa na jina kubwa.

Unapomtuma mtoto, mwandikie kwenye karatasi jina la dawa iliyomo na nguvu yake. Ukishamchoma ng'ombe, soma kwenye lebo siku ambazo maziwa hayanywewi wala kuuzwa, na umwambie anayekamua. Chupa tupu itunze mpaka ng'ombe apone. Asipopona, mpelekee mtaalamu wa mifugo wa kata chupa hiyo pamoja na namba ya toleo, ili ajue dawa ipi ya kufuatilia.