Kona ya Dada: Panda Kalendula, Ujue Unachojipaka

Barua ya leo imetoka Nangara, Babati mjini. Aliyeiandika ameomba nisimtaje jina, nami nimemkubalia. Anasema hivi:

"Dada, shikamoo. Nina eneo dogo nyuma ya nyumba. Kila ikifika Juni, baridi na upepo vinanikausha ngozi, miguu inaota magaga, midomo inabanduka. Rafiki yangu ananiambia nitumie mkorogo, eti utanilainisha na kuning'arisha kwa mpigo. Mwingine anasema kuna ua linaitwa kalendula, nilipande nijitengenezee mafuta. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mdogo wangu, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kujipaka. Msikilize wa ua. Mkorogo usiuguse. Lakini sitaki unitii tu. Nataka uelewe sababu, ili kesho akija mwingine na kopo lake usibabaike.

Mkorogo ni mchanganyiko wa krimu ambao mara nyingi una zebaki, haidrokwinoni, au steroidi kali ambazo daktari huandika kwa muda mfupi na kwa ugonjwa maalumu. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuumiza figo. Steroidi ikipakwa ovyo huifanya ngozi iwe nyembamba, ikaingia michirizi, na kidonda kidogo kikachelewa kupona. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini Tanzania, ila mkorogo hauna lebo, na aliyeuchanganya mara nyingi naye hajui alichochanganya. Basi shika neno hili moja: usiipe ngozi yako kitu ambacho hujui kina nini ndani. Na hakuna njia nzuri ya kujua kuliko kukitengeneza mwenyewe, kuanzia mbegu.

Ua hili linafanya nini

Kalendula ni ua la ukoo mmoja na alizeti, na asili yake ni nchi za kandokando ya bahari ya Mediterania. Ua lake la njano au la rangi ya chungwa lina viambato vinavyopunguza uvimbe na mwasho wa ngozi. Mwaka 2004 madaktari wa Lyon, Ufaransa, walichapisha utafiti wa wanawake 254 waliokuwa wakipata mionzi kwa ajili ya saratani ya matiti. Kati ya waliopakwa marhamu ya kalendula, asilimia 41 waliungua ngozi kwa kiwango cha kati au zaidi. Kwa waliopakwa dawa nyingine iliyokuwa ikitumika, walifika asilimia 63. Shirika la Dawa la Ulaya nalo linalitambua ua hili, kwa msingi wa matumizi ya miaka mingi, kuwa dawa ya kupaka kwenye ngozi iliyovimba kidogo, kama iliyochomwa na jua, na kwenye vidonda vidogo.

Sasa nikuambie lisichofanya. Halibadilishi rangi ya ngozi. Halifuti makovu ya zamani. Wala halizuii jua. Kama nyumbani kwenu kuna mtu mwenye ualbino, asije akatoka juani kwa kutegemea mafuta ya kalendula. Anahitaji losheni ya kuzuia jua, kofia pana na mikono mirefu. Losheni ya aina hiyo hutengenezwa hapa hapa kwetu kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi. Uliza hospitali yako jinsi ya kuipata.

Kulipanda Nangara

Una bahati ya mahali. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kalendula hupenda ubaridi. Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga atapata shida nalo, kwa sababu joto kali likidumu maua huwa madogo na mmea huchoka mapema. Kwako, baridi ile ile inayokukausha ngozi ndiyo itakayolistawisha.

Panda masika yanapoelekea ukingoni, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Udongo utakuwa bado na unyevu wa kuotesha, na maua yatachanua wakati wa kiangazi, ambapo kukausha ni rahisi. Ukipanda mvua inapoanza, maua yatakomaa yakiwa yamelowa, na ua lililolowa huoza kabla ya kukauka.

Hakikisha mbegu. Pakiti iandikwe Calendula officinalis. Usichanganye na tagetesi, ua jingine la rangi hizo hizo linalopandwa sana kwenye bustani za mijini. Majani ya tagetesi yamechanikachanika na hutoa harufu kali ukiyafikicha. Ya kalendula ni mazima, marefu kama ulimi, yana vinyweleo laini. Hata mbegu zinajitambulisha: za kalendula zimejikunja kama kucha, tena zina miiba midogo mgongoni.

Lainisha tuta, changanya samadi iliyooza vizuri, lakini usizidishe, maana samadi nyingi hukupa majani mengi na maua machache. Fukia mbegu kina cha sentimita moja. Hupenda giza ili zichipue. Miche hutokeza kati ya siku 7 na 14. Ikishakuwa na majani manne hivi, ipunguze ibaki na nafasi ya sentimita 30. Usione uchungu kung'oa. Ikisongamana, hewa haipiti, na ukungu mweupe kama unga utatanda kwenye majani. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, usinyunyizie majani. Zungushia miti au wavu, kuku wasije wakaparura tuta lote siku moja.

Vidukari wakija, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande. Dawa ya sumu ya shambani usipige kabisa. Ua hili litalala ndani ya mafuta wiki kadhaa, na mafuta hayo yataingia kwenye midomo yako.

Kuchuma na kukausha

Baada ya wiki sita hadi nane ua la kwanza hufunguka. Chuma asubuhi umande ukishakauka, ua likiwa limefunguka kabisa. Vidole vitanata, utomvu huo usikuudhi, sehemu kubwa ya nguvu ya ua imo humo. Ndiyo maana nakwambia uchume ua zima pamoja na kitako chake cha kijani, usinyonyoe petali peke yake. Rudi kila baada ya siku mbili au tatu. Kadiri unavyochuma ndivyo mmea unavyozidi kutoa. Ukiyaacha maua yakomae, mmea huona umemaliza kazi yake.

Acha machache tu mwishoni mwa msimu yakaukie kwenye shina, uwe na mbegu za mwakani. Zitakuwa nyingi kuliko tuta lako. Yule rafiki wa mkorogo usimcheke. Mgawie mbegu na umwonyeshe hatua kwa hatua.

Kaushia kivulini, penye upepo, maua yametandazwa safu moja juu ya wavu au ungo safi, na juu yake kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi. Jua kali hubabua rangi na kupunguza nguvu. Petali hukauka upesi na kukudanganya. Vunja kitako: kikikatika kwa mlio, ua limekauka, kikipinda, bado lina maji. Hapa, mdogo wangu, ndipo wengi wanapoharibikiwa. Unyevu mdogo tu uliobaki huotesha ukungu ndani ya mafuta, na mafuta yenye ukungu hayaokolewi, yanamwagwa. Yakikauka, yaweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, kabatini, na uyatumie ndani ya mwaka mmoja.

Mafuta, kisha marhamu

Pima gramu 50 za maua makavu kwa mililita 500 za mafuta. Alizeti inafaa sana, na mkoani Manyara hatupungukiwi nayo. Kama ni ya kukamuliwa mtaani, iache itulie siku kadhaa uchukue ya juu iliyo safi, mashapo yabaki. Mafuta ya nazi ni mazuri pia, ila huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, kwa hiyo Julai ya Babati utayakuta magumu kwenye chupa.

Chupa iwe kavu kabisa. Tia maua, mimina mafuta yafunike maua yote, kwa sababu ua linalochungulia nje ndilo linaloota ukungu. Funga, weka mahali pa joto lakini pasipopigwa na jua, tikisa kila siku kwa wiki nne hadi sita. Ukiwa na haraka, weka bakuli la maua na mafuta juu ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke, moto mdogo sana, saa mbili hadi tatu. Yasichemke. Ukisikia maua yanakaanga, umeshayaunguza.

Chuja kwa kitambaa safi cha pamba, kamua, acha usiku mzima yatulie, mimina ya juu. Hayo tayari ni mafuta ya kupaka.

Kupata marhamu ya magaga na midomo, tafuta nta ya nyuki. Wafugaji wa nyuki wa Babati wanayo. Kama ina uchafu, iyeyushe ndani ya maji ya moto, uchuje, iache ipoe. Nta itaganda juu, uchafu utabaki chini. Kisha tumia sehemu moja ya nta kwa sehemu tano za mafuta kwa uzito: gramu 20 za nta kwa gramu 100 za mafuta. Yeyushia juu ya sufuria ya maji, dondosha tone kwenye kijiko baridi uone ugumu wake, ongeza nta au mafuta upendavyo, mimina kwenye makopo makavu. Miezi ya joto ongeza nta kidogo yasiyeyuke.

Usitie maji, wala utomvu wa mshubiri, wala asali. Penye maji vijidudu huzaliana, na hata ukiongeza vitamini E, hailindi dhidi ya vijidudu. Inachelewesha tu mafuta kuchacha. Andika tarehe kwenye kila kopo. Mafuta yakianza kunuka uchachu, muda wake umekwisha.

Maswali ninayojua yanakuja

Nianzeje kupaka? Paka kidogo ndani ya kiwiko, usubiri hadi siku mbili. Mwenye mzio wa alizeti au maua ya ukoo wake anaweza kudhurika na kalendula pia. Na kumbuka, ngozi yetu nyeusi ikiwaka haionyeshi wekundu kila mara. Inaweza kuwa nyeusi zaidi, au ikawasha na kuwa na joto. Ukiona hivyo, osha na uache.

Nipake saa ngapi? Ukitoka kuoga, ngozi ikiwa na unyevu, ili mafuta yaufungie humo. Magaga yaloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, sugua taratibu, paka marhamu, vaa soksi ulale. Chagua soksi na shuka za zamani, maana rangi ya chungwa hushika nguo.

Nimpake mtoto? Mtoto mchanga muulize kwanza mhudumu wa kliniki. Mkubwa kidogo, baada ya jaribio la kiwiko, paka kwenye ngozi kavu. Kwenye kitovu kibichi usiweke chochote ulichotengeneza nyumbani.

Naweza kunywa chai yake? Mimi nazungumzia ngozi tu. Mjamzito na anayenyonyesha asinywe kabisa.

Nipake kwenye kidonda? Mkwaruzo mdogo uliouosha ukafunga, sawa. Kidonda kirefu, chenye usaha, cha mguu wa mwenye kisukari, au ulichoungua sasa hivi, hapana. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Mafuta juu ya ngozi iliyoungua muda huo huo huzuia joto kutoka. Upele na punye pia vina dawa zake. Kalendula itakupotezea muda tu.

Naweza kuuza? Unaweza, ila usianze na kopo, anza na daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Andika kila pishi: tarehe, uzito wa maua, mafuta gani, nta kiasi gani. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa hiyo nenda ukaulize masharti mapema, na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, itakuelekeza namna ya kuanza. Kwenye lebo andika kila kilichomo, uzito na tarehe. Usiandike "inatibu". Ukidai tiba umeingia kwenye sheria za dawa, na zaidi ya hapo umemdanganya mama mwenzako ambaye labda angewahi hospitali.

Ukipanda Mei, utachuma Julai, na marhamu yako yatakuwa tayari kati ya Agosti na Septemba. Ina maana msimu huu wa baridi utapita bila hayo. Kwa sasa paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato mara tu unapotoka kuoga, oga maji ya uvuguvugu badala ya moto sana, na punguza sabuni kali miguuni. Magaga yakitoa damu au ngozi ikiwasha zaidi ya wiki mbili, usisubiri ua. Nenda zahanati, waambie ukweli wa kila ulichowahi kupaka, na kama kuna kopo la mkorogo ulishalionja, libebe uwaonyeshe. Hakuna wa kukuhukumu huko, na mimi nitakuwa wa kwanza kukusifu kwa kwenda.