Anayerudi Kwenye Pikipiki Apimwe Nayo Kwanza



Mwaka 2008 Serikali iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya sisi 250, na wengi wetu huku bara ya Mombasa tukaingia bodaboda. Sasa wako walioacha miaka mingi na wanaomba mkopo wa kikundi warudi. Kabla ya bei, tuwaulize: miguu yafika chini?

Mwombaji aketi juu yake, akanyage kwa nyayo zote mbili. Anayesimamia ncha za vidole ataangusha abiria siku atakaposhuka feri ya Likoni bati likiwa na maji. Kisha aisukume na kuigeuza injini imezimwa. Sisi 150 yatosha. Ile kubwa ya kuringia tuwaachie wenye pesa zao.

Mikono ya breki na klachi irekebishwe vidole viifikie bila kukunja kiwiko cha mkono. Cheni nayo! Mafundi wengine huikaza kama waya wa kuanikia nguo. Abiria akipanda, nyuma hushuka na cheni hukazika zaidi, ikala beringi au ikakatika mbele ya malori ya Changamwe. Pikipiki nyingi ndogo zahitaji icheze milimita 20 hadi 30 katikati, lakini kitabu chake ndicho kifuatwe.

Wiki ya kwanza apande bila abiria, ajizoeze kwenye mchanga wa Kisauni. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, ila mchangani ikibanwa ghafla gurudumu huteleza. Na mkopo uwe na bei ya helmeti mbili, yake na ya abiria.