Mshahara Ukikoma, Bima Isikome: Vidokezo kwa Wanaokaribia Kustaafu

Mtaa wetu wa Muthangari, Nairobi, una watu wa kila kipato wanaokaribia miaka 60: meneja wa benki, karani wa wizara, mwalimu, askari wa lango, mama anayewapikia wote hao. Bima ya afya ya wengi wao imening'inia kwenye mshahara. Kila mwezi pesa hukatwa kimyakimya, na mwenyewe hana la kufanya. Siku ya kustaafu makato hayo hukoma, na kuanzia hapo kulipa ni juu yako. Tena ndio umri ambao presha, sukari na magoti huanza kudai haki yao. Kwa hivyo anza mapema, walau mwaka mmoja kabla.

1. Fahamu ulipo sasa. NHIF, bima ya hospitali tuliyoijua tangu 1966, haipo tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, chini ya sheria ya 2023. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, na mchango hauwi chini ya Sh300 kwa mwezi. Kile kiwango cha Sh500 ambacho wastaafu wengi walikuwa wakilipa NHIF kisikudanganye, hakitumiki.

2. Hakikisha umesajiliwa, na kwa namba yako mwenyewe. Usitegemee rekodi yako ya zamani ya NHIF. Piga *147# utazame: jina linafanana na la kitambulisho? Mke au mume yumo? Watoto wanaosoma wamo? Kisha angalia namba ya simu. Wapo waliojisajili kwa laini ya kazini, na laini hiyo hurudishwa ofisini pamoja na funguo. Ibadilishe sasa, ungali na nguvu za kupanga foleni. Ikikushinda kwenye simu, nenda Huduma Centre pale GPO, au makao makuu ya SHA, Ragati Road, Upper Hill. Ukiwa huko, uliza pia kama alama zako za vidole zimechukuliwa, maana siku hizi hospitali hutambua wagonjwa kwa vidole.

3. Jiandae kwa tathmini ya uwezo. Hapa ndipo wastaafu wengi hushtuka, kwa hivyo soma polepole. Asiye na mshahara hakatwi kwenye hati ya malipo. Hujibu maswali kuhusu nyumba anamoishi, kisha mfumo hukadiria mapato ya familia na kutoa asilimia 2.75 ya makadirio hayo. Utaulizwa ukuta ni wa nini, paa ni la nini, maji unayatoa wapi, choo ni cha aina gani, mnaishi wangapi. Sasa mfikirie mstaafu wa Muthangari aliyejenga au kununua nyumba miaka thelathini iliyopita: ukuta wa mawe, maji ya bomba, choo cha kuvuta. Kwa majibu hayo anaonekana tajiri, hata kama kinachoingia mfukoni ni pensheni tupu. Jibu kwa ukweli, usikisie na usimwachie kijana wa saiba akujibie. Taja watu wote mnaoishi pamoja. Kiasi kikija kisicholingana na mapato yako, usikate tamaa ukaacha kulipa. Chukua hati za pensheni uende ofisini uombe tathmini iangaliwe upya.

4. Tenga mchango wa mwaka wa kwanza kabla ya kuaga kazini. Familia isiyo na mshahara hulipa kwa mwaka mzima kwa mkupuo. Tuseme mapato yako yamekadiriwa kuwa Sh40,000 kwa mwezi. Mchango ni Sh1,100 kwa mwezi, ila utatakiwa kutoa Sh13,200 mara moja. Huenda wakati huo pensheni haijaanza kuingia, na kila mstaafu atakwambia jinsi faili zinavyoweza kukawia. Ukipokea pesa zako za uzeeni za NSSF, ondoa mchango huu kwanza kabla ya harambee na kabla ya kiwanja. Upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaokulipia mwaka mzima nawe ukarejesha kidogo kidogo. Ni mkopo huo, soma masharti yake kabla ya kukubali.

5. Kaa chini na watu wa rasilimaliwatu. Watumishi wengi wa serikali na wa kampuni kubwa wana bima nyingine ya kazini juu ya SHA, na mara nyingi ndiyo inayolipia miwani, meno na daktari wa faragha. Uliza inakoma lini hasa: siku ya mwisho kazini, mwisho wa mwezi, au mwisho wa mwaka wa bima? Kama una mtoto wa jicho au jino linalosumbua, litibiwe kabla ya tarehe hiyo. Na ukitaka kununua bima ya kibinafsi, nunua ukiwa bado kazini. Kampuni nyingi zina ukomo wa umri wa kujiunga, na ugonjwa ulionao tayari huenda ukasubirishwa au ukaongezewa bei.

6. Uliza kuhusu hazina ya matibabu baada ya kustaafu. Ni akiba ya hiari inayowekwa kupitia mfuko wako wa pensheni, na tangu tarehe 27 Desemba 2024 mchango wa hadi Sh15,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato. Mwenye miaka 50 anaweza kukusanya kitu cha maana. Nasikitika kwamba ni wachache mno wanaoambiwa kuihusu.

7. Jua mfuko upi unalipa nini. SHA ina mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa huduma za msingi: ukishasajiliwa, zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 vinakutibu bila wewe kulipa. Kwa jirani wa Muthangari, kituo cha afya cha Kangemi au cha Riruta kinafaa kwa presha na sukari za kila mwezi, huna haja ya kukimbilia hospitali kubwa. Wa pili, mfuko wa bima uitwao SHIF, ndio unaotegemea mchango wako. Ndio unaolipia kulazwa, upasuaji, figo na saratani. Kitanda cha ngazi ya 6 hulipiwa Sh4,480 kwa siku. Hospitali ya kibinafsi inaweza kudai zaidi, na tofauti hiyo ni juu yako, kwa hivyo uliza bei mlangoni kabla ya kulazwa. Wa tatu ni wa matibabu ya dharura, na pia hulipia magonjwa sugu pale SHIF inapofika kikomo.

8. Mzazi wako hayumo kwenye bima yako. Wengi wa miaka 58 bado wana mama wa miaka 85 kijijini. Lazima ajisajili kivyake. Kiwango cha chini kabisa ni Sh3,600 kwa mwaka, na watoto mkichanga hamtalemewa.

9. Na aliye langoni kwako? Ukimlipa mpishi au askari Sh20,000, makato yake ni Sh550, na unapaswa kuyapeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kabla hajarudi kwao kupumzika, kaa naye muitazame simu yake pamoja: amesajiliwa, mwenziwe yumo, michango yote imeingia? Msaidie kujibu maswali ya tathmini kwa nyumba ya kule anakokwenda kuishi, si kwa chumba cha uani kwako, na umlipie mwaka wa kwanza.