Gari la Reli Liendeshwalo kwa Miguu

Mwanzoni mwa karne ya 20, wenyeji wa Mombasa walikuwa wakiona kila siku magari ya reli yasiyo na injini. Yalikuwa matoroli yenye benchi na paa la turubali, yakienda juu ya njia nyembamba kisiwani. Watu waliyasukuma kwa kukimbia nyuma yake, na penye mteremko walirukia juu wakapumzika kidogo. Abiria alistarehe, jasho lilikuwa la mwingine. Katika miaka ya 1920 motokaa zikayashinda.

Siku hizi liko gari la ukoo huo huo, ila abiria ndiye mwenye kutoa jasho. Lina magurudumu manne ya reli, viti viwili sambamba na kanyagio kama za baiskeli. Huko Fort Bragg, katika jimbo la California, Marekani, watu hulipanda ili kuutazama msitu wa miti iitwayo redwood, ambayo huweza kupita mita 100 kwa urefu. Reli ile ilianzwa mwaka 1885 kwa ajili ya kubeba magogo ya msitu huo huo. Mwaka 2015 handaki liliporomoka, na garimoshi litokalo Fort Bragg likabaki na maili tatu na nusu tu za kwenda. Safari fupi kwa garimoshi, lakini yatosha kwa miguu ya mtu. Tena gari hili halina moshi wala kishindo, na ndege hawaruki kwa hofu kabla ya kuonekana.

Je, mtu awezaje kuendesha chombo kizito hivyo? Chuma kigumu kikibingirika juu ya chuma kigumu hakibonyei sana, wala hakizami kama gurudumu katika mchanga wa Likoni. Gari lenye uzito wa kilo 300 pamoja na abiria wake, likiwa mahali tambarare, huhitaji msukumo wa kadiri ya kilo 1 tu. Lakini njia ikipanda mita 1 kwa kila mita 100, huongezeka kilo 3 nyingine: kazi imekuwa mara nne. Kwa hiyo msitu ulio bondeni, kando ya mto, wafaa. Bali njia ya kutoka Changamwe kupanda Mazeras ingewachosha vijana wenye nguvu. Magari mengine ya Fort Bragg yamewekewa mota ndogo ya umeme kusaidia miguu.

Wepesi huo una hatari yake. Kwenye mteremko gari hushika kasi upesi, na breki juu ya chuma, hasa chenye umande au majani yaliyooza, haikamati mara moja. Wala dereva hawezi kukwepa: mwendesha baiskeli hupinda kando, lakini huyu hufuata reli tu. Ndiyo maana magari hutoka kwa kundi, yakiachana nafasi, na yote huelekea upande mmoja mpaka mwisho wa njia, ndipo yakageuzwa kwa pamoja. Na njia huwa chini ya msimamizi mmoja ajuaye kila chombo kilichomo. Kijana wa Changamwe aliyejiundia toroli hana msimamizi huyo. Garimoshi lililojaa shehena huhitaji mamia ya mita kusimama, na dereva wake akiliona toroli penye kona, huwa amekwisha chelewa.