Dondoo Muhimu: Kuishi na Nyuki wa Mwituni

Kwa kuwa maparachichi ya Rungwe na alizeti za Iringa hutegemea nyuki ili zizae vema, nao nyuki huangamizwa kwa sumu za mashamba na moto wa misitu, yampasa mkulima ayazingatie haya:

1. Usinyunyizie dawa mimea ichanuapo. Ikibidi, ngoja magharibi, nyuki wakisharejea mzingani.
2. Urinapo, tumia bomba la moshi, si kienge cha moto. Masega yenye majana yaache.
3. Kundi likitua darini, usilimwagie mafuta ya taa (kosa lililozoeleka mno). Mwite afisa nyuki wa wilaya.
4. Ukishambuliwa, funika uso, kimbilia ndani, usiwapunge.
5. Mwiba ukwangue upesi kwa ukucha. Aliyetaabika kupumua apelekwe hospitali pasipo kukawia.