Kufundisha Matayarisho ya Kunyonyesha: Somo la Sayansi kwa Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Katika mada ya uzazi, ambayo wanachuo wetu hupangiwa mara kwa mara wakati wa mazoezi ya kufundisha, kuna sehemu moja ambayo wengi huipitia mbio mbio. Sehemu hiyo ni ile inayoeleza jinsi mwili wa mama mjamzito unavyojitayarisha kumnyonyesha mtoto, na jinsi mama mwenyewe anavyoweza kuusaidia. Baadhi huiruka kwa sababu ya haya. Wengine huandika ubaoni yale waliyoyapokea chuoni bila kuyachunguza. Makala haya yanahusu zaidi kosa hili la pili, maana sisi wakufunzi tulishiriki kulifanya.

Kwa miaka kadhaa tulitumia nukuu za afya tulizorithi kutoka kwa waliotutangulia. Nukuu hizo zilisema kwamba katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito mama hana budi kusugua chuchu zake kila siku kwa taulo gumu ili ngozi ikomae. Tulizisomesha hivyo hivyo. Mwanachuo mmoja akazipeleka katika darasa la sita la shule aliyopangiwa, akafundisha kwa ufasaha, na sisi tuliokwenda kumkagua tukampa alama za juu. Msichana mmoja wa darasa hilo alifika nyumbani akamweleza mama yake, ambaye alikuwa na mimba ya miezi saba.

Wiki tatu baadaye mama huyo alikuja shuleni. Alimweleza mwalimu wa kike kwamba chuchu zake zilikuwa zimechubuka hata hawezi kuvumilia nguo, na kwamba muuguzi wa zahanati alikuwa amemwamuru aache mara moja. Alisema, "Mwalimu, sikuja kugombana. Mtoto aliniambia ni somo la shule, nami nikalifuata." Habari hizo zilitufikia chuoni. Tulimwomba muuguzi aje aketi nasi, na kwa mara ya kwanza tukazisoma nukuu zetu kama watu wasiozijua. Mengi ya yafuatayo yametokana na kikao hicho na masomo tuliyoyafanya baada yake.

Tuanze na yale ambayo mwalimu anapaswa kuyajua kabla ya kushika chaki. Matiti huanza kubadilika mapema katika ujauzito. Kwa wanawake wengi uzito na maumivu madogo ya matiti ni miongoni mwa dalili za kwanza. Homoni zinazotoka katika kondo la nyuma, na katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, huongeza mifereji na vifuko vidogo vidogo ambamo maziwa yatatengenezwa. Kufikia nusu ya ujauzito, vifuko hivyo huwa vimeanza kutengeneza dang'a, yaani yale maziwa ya mwanzo, mazito, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya manjano. Ndiyo sababu baadhi ya wajawazito huona matone katika nguo zao miezi ya mwisho. Wengine hawaoni hata tone moja, na hilo pia ni la kawaida. Weusi unaozunguka chuchu hupanuka na kukolea, na juu yake huonekana kama vipele vidogo. Vipele hivyo si ugonjwa: ni tezi zinazotoa mafuta ya kulainisha na kulinda ngozi.

Hapo wanafunzi huuliza swali ambalo ni zuri sana: ikiwa maziwa hutengenezwa tangu miezi hiyo, mbona hayatoki kwa wingi? Jibu liko katika kondo la nyuma. Muda wote kondo likiwa ndani, homoni ya projesteroni inayotoka humo huzuia maziwa yasijae. Kondo likishatoka baada ya mtoto kuzaliwa, kizuizi huondoka, na kwa kawaida maziwa hujaa kati ya siku ya 2 na ya 4. Katika siku hizo za kungoja mtoto hunyonya dang'a, kiasi cha vijiko vichache vya chai siku ya kwanza, na kiasi hicho humtosha mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati wake. Mwalimu akilielewa jambo hili vizuri, ataweza kueleza kwa nini mama anayelalamika siku ya kwanza kwamba hana maziwa, mara nyingi anayo ya kutosha. Na ataweza kueleza kwa nini nyanya wa mtoto, kwa nia njema kabisa, hukimbilia maji ya sukari au uji mwepesi wakati havihitajiki.

Sasa turudi kwenye taulo. Mafuta yale ya tezi tuliyoyataja ndiyo matayarisho ya ngozi. Kusugua huyaondoa, sabuni huyaondoa, spiriti huyaondoa, na ngozi hubaki kavu na kupasuka. Aidha, kusisimua chuchu huamsha homoni ya oksitosini, ambayo hukaza misuli ya mji wa mimba. Mama aliye katika hatari ya kujifungua kabla ya wakati hapaswi kuagizwa jambo la namna hiyo na mwalimu wa darasa la sita.

Yako pia mazoezi yaliyofundishwa kwa miaka mingi kwa wanawake ambao chuchu zao zimezama ndani. Mwaka 1953 daktari aitwaye Hoffman alichapisha maelezo ya zoezi la kuvuta ngozi pande mbili za chuchu, nalo likaingia katika vitabu vya wakunga, pamoja na vikombe vidogo vya kuvaa ndani ya sidiria. Ilipita miaka karibu 40 kabla vitu hivyo havijapimwa kwa utafiti wenye makundi ya kulinganisha. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 1992, na mwingine wa Uingereza na Kanada uliotolewa mwaka 1994, haukuona kwamba mazoezi au vikombe hivyo viliwawezesha wanawake wengi zaidi kunyonyesha kuliko wale ambao hawakufanya lolote. Sababu yake si ngumu kuielewa: mtoto hanyonyi chuchu peke yake, hunyonya titi. Akiwekwa vizuri, hujaza kinywa chake kwa weusi ule unaozunguka chuchu, na chuchu iliyozama mara nyingi hutoka yenyewe. Mama mwenye shaka aonyeshwe na mkunga jinsi ya kumpakata mtoto mara baada ya kujifungua. Kukamua dang'a kabla ya kujifungua nako lisiwe jambo la kujifanyia nyumbani bila ushauri wa kliniki.

Mwanachuo anaweza kuuliza: kama hivyo ndivyo, basi mama afanye nini katika miezi hiyo? Afanye yale yasiyohitaji taulo. Aoge kwa maji kama kawaida. Avae nguo isiyobana, na sidiria ikiwa anayo iwe ya ukubwa wa mwili wake wa sasa. Ale chakula cha mchanganyiko: maharage, dagaa, mchicha, karanga, matunda, na mayai pia. Twasema mayai pia kwa kuwa zipo sehemu ambazo mjamzito hukatazwa mayai kwa kuhofiwa kwamba mtoto atazaliwa bila nywele, na mwanafunzi atakayelisema hilo darasani asichekwe. Aulizwe ni kuku gani aliyewahi kumnyima mtu nywele, kisha aelezwe kazi ya protini. Vidonge vya madini ya chuma na foliki anavyopewa kliniki avimeze kila siku, kwani mama mwenye upungufu wa damu hujifungua akiwa amechoka na kurudiwa na nguvu polepole.

Lililo kubwa zaidi ni kupanga mapema. Nani atachota maji na kukata kuni wiki zile za kwanza? Je, baba na bibi wamekwisha kuambiwa kwamba mtoto atawekwa kifuani pa mama ngozi kwa ngozi na kunyonyeshwa katika saa 1 ya kwanza, na kwamba hatapewa maji wala uji mpaka atimize miezi 6? Maamuzi haya mama peke yake mara nyingi hana uwezo wa kuyafanya. Huamuliwa na ukoo, tena usiku wa kujifungua, wakati ambapo hakuna mwenye nafasi ya kusikiliza hoja.

Kuhusu njia ya kufundishia, sisi twapendekeza somo lianzie zizini. Watoto wengi wa vijijini wamemwona mbuzi au ng'ombe anayekaribia kuzaa, nao wanajua kwamba kiwele hujaa siku za mwisho. Mwanachuo mmoja aliendesha utangulizi wake hivi:

"Ndama akizaliwa, mfugaji hufanya nini kwanza?"

"Humsaidia anyonye dang'a, mwalimu."

"Asipoipata?"

"Hudhoofika. Anaweza kufa."

"Na dang'a ya mama mzazi, nyumbani kwenu hufanywaje?"

Darasa lilinyamaza kidogo, kisha mvulana mmoja akasema, "Bibi huikamua na kuimwaga, husema ni chafu." Baada ya hapo mwalimu hakuhitaji kuhubiri. Wanafunzi wenyewe waliiona tofauti hiyo wakaanza kubishana. Mwalimu aongeze tu kwamba ndama huzaliwa karibu bila kinga yoyote, hali mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga kupitia kondo la nyuma. Lakini dang'a humpa kinga nyingine inayotanda katika koo na matumbo yake, mahali vijidudu vinapoingilia.

Zana zinazohitajika ni chache. Soksi iliyojazwa pamba, ikafungwa kwa uzi ili kufanya chuchu, yatosha kuwa titi. Mtoto atengenezwe kwa vitambaa na kufunikwa kanga. Onyesheni kwa zana hizo mdomo uliofunguka kama wa mtu anayepiga miayo, kidevu kikigusa titi, na mdomo wa chini umebinuka nje. Wavulana watacheka. Waacheni wacheke dakika moja, kisha mpeni mmoja wao soksi aishike. Walimu wa kiume msikwepe neno "matiti". Litamkeni kwa sauti ile ile mnayotamka "mapafu", nalo litapoteza kichekesho chake kabla ya nusu ya kipindi. Panapo desturi ya kusema "maziwa" kwa heshima, tumieni hilo, mradi darasa lielewe mnakusudia kiungo na si kinywaji.

Tuna maonyo mawili. La kwanza, msimwombe mwanafunzi aeleze jinsi yeye alivyonyonyeshwa. Miongoni mwao wamo waliofiwa na mama siku ya kuzaliwa kwao, na waliolelewa kwa maziwa ya kopo kwa sababu zisizowahusu wengine. La pili, swali la UKIMWI litaulizwa. Jibuni kwa kifupi na kwa usahihi: mama hupimwa kliniki wakati wa ujauzito, akikutwa na virusi hupewa dawa, na akizimeza kila siku kama alivyoagizwa hatari ya kumwambukiza mtoto hupungua sana, naye huweza kunyonyesha kwa kufuata ushauri wa kliniki. Msiruhusu swali lolote linalotaja mtu wa kijijini.

Walimu watakaopangiwa madarasa ya watu wazima watumie maelezo haya haya, ila waanze kwa kusikiliza. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana, na wengi wa walioongoza vikundi hivyo hawakuwa wataalamu wa afya. Mwalimu akikutana na mkunga wa jadi katika darasa lake, amwombe aeleze aliyoyaona, na amwalike muuguzi wa zahanati siku hiyo hiyo, wasikilizane mbele ya wote.

Kwa kazi ya nyumbani, tusimtume mtoto kumwagiza mama yake. Tumpe swali la kuuliza: "Mama, kliniki walikueleza nini juu ya kunyonyesha?" Majibu yaletwe darasani bila majina. Yule mama wa taulo alijifungua salama, na chuchu zake zilikuwa zimepona. Mwanachuo wetu alirudi shuleni hapo kabla ya mazoezi kwisha, akalifundisha somo upya mbele yetu, akianza kwa kuwaambia wanafunzi kwamba jambo moja alilowafundisha awali halikuwa sahihi. Ukurasa ule wa nukuu tuliufuta, nasi twamwomba kila mwanachuo mwenye nakala yake ya zamani afanye vivyo hivyo.