Mbegu ya ngogwe na mchicha: usiiache ife na unyevu wa Kyela

Leo tuongee mbegu.

Kyela tuko chini, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Joto kali, na Machi hadi Mei mvua haikati. Kabichi inayofunga vizuri kule Tukuyu, huku inaweza kubaki majani matupu. Nyanya nayo, usiku ukiwa wa joto, maua yanapukutika. Ukitaka hela ya uhakika, anza na mboga zinazopenda joto: mchicha, bamia, ngogwe. Mchicha Madiira 1 na ngogwe DB3 sio chotara, kwa hiyo mbegu unaweza kuzalisha mwenyewe. Chotara (F1) usirudie mbegu yake, mimea itatoka mchanganyiko.

Fanya hivi:

1. Chagua mama shambani. Weka alama kwenye mashina yasiyopungua 20, yenye afya na yaliyozaa vizuri kwenye joto hili hili. Usichukue mabaki ya sokoni. Mchicha pori ng'oa kabla haujatoa maua, maana chavua yake inaharibu mbegu yako.

2. Acha ikomae. Ngogwe iwe nyekundu kabisa. Kamua, osha, zinazoelea mwaga.

3. Kausha kivulini penye upepo, juu ya chandarua. Bati la moto linaua kiini.

4. Hapa ndipo wengi wanapoteza. Hewa yetu ina unyevu, mbegu iliyokauka inaunyonya tena. Kaanga mchele bila mafuta mpaka ubadilike rangi, upoe ukiwa umefunikwa, kisha weka kwenye chupa yenye mfuniko unaobana. Mchele uwe mwingi kuliko mbegu. Mbegu ziwe kwenye kifuko cha kitambaa juu yake. Baada ya wiki mbili badilisha mchele. Ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, maisha yake yanakaribia kuongezeka maradufu.

5. Jaribu kabla ya kitalu. Hesabu mbegu 100, funga kwenye kitambaa kibichi. Zikiota chini ya 50, achana nazo. Ngogwe inakaa kitaluni wiki 4 hadi 6. Ukigundua tatizo huko, soko limeshakupita.

Hiyo ni mbegu ya shamba lako. Ukitaka kuuza kwa wengine, pita kwanza TOSCI, maana mbegu ya biashara ina sheria yake.